Alinisalimu kwa Kifundo

Watu wa Misiera wakikwambia Swaleha ana mdomo, usibishane nao. Ninao, na ndio ulionitoa kwenye genge la nyanya Nakivale ukanifikisha kwenye duka la vitenge Mbarara mjini. Ila leo sitaki tuuzungumzie mdomo wangu. Nataka tuuzungumzie mkono wa Goretti, mama yake Bienfait, Mkongomani wa Kivu ya Kusini mwenye mgahawa wa bugali pale Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mkono huo nusura unikoseshe mimi dada, na umkoseshe mwanangu mama.

Nasema mama, na ulimi haujateleza. Mwanangu Zakiah ana mama wawili. Mimi nilimzaa. Nilipoingia Nakivale kutoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, nilikuwa nimembeba mgongoni bado mchanga, na homa niliyoipata njiani haikunipa hata nafasi ya kusimamisha hema. Maziwa yakakauka. Wakanilaza kwenye kituo cha afya, sijitambui. Mtoto analia, baba yake anamzungusha kwenye mahema hajui la kufanya, mwanaume mzima machozi yanamtoka. Hema la pili kutoka letu kulikuwa na mwanamke ananyonyesha. Hakumjua huyu mwanaume, hakujua sisi ni kina nani, dini yetu si yake. Akanyoosha tu mikono akasema, "Leta huyu mutoto." Bienfait titi hili, Zakiah titi lile, mpaka mimi nikasimama kwa miguu yangu.

Kwetu Waislamu hilo si jambo la kusema asante likaisha. Mtoto uliyemnyonyesha ni mtoto wako. Nilipopona nilikwenda kwa shehe nikamweleza, akaniambia, "Swaleha, binti yako amepata mama mwingine, na huyo Bienfait ni kaka yake, hawezi kumuoa mpaka kiama." Nikampelekea Goretti habari. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe nimepata mutoto mwanamuke bila kusikia uchungu!" Tangu siku hiyo mimi namwita Mama Bienfait, yeye ananiita Mama Zakiah, na Zakiah anatuita sote Mama. Akiita, tunageuka wawili.

Sasa ngoja nikwambie Goretti anavyopika, maana bila hilo hutaelewa lolote. Mgahawa wake hauna jina ukutani, watu husema tu "twende kwa Mama Bienfait". Bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo ya kutwanga, dagaa wanaowaita ndagala wa kukaanga na pilipili. Unga wa muhogo si wa mchezo. Ukizubaa unashika sufuria, na ukiusonga kwa mkono mlegevu unatoka madonge, na Mkongomani hali madonge. Goretti huibana sufuria kwa miguu, akaukamata mwiko mrefu, akasonga huku anaimba nyimbo za kwaya, kifundo cha mkono kinakunjwa na kukunjuliwa mpaka wewe unayetazama ndiye unayechoka. Akimaliza sufuria moja anakwenda kwenye kinu cha sombe. Akitoka kwenye kinu, sufuria ya pili. Wasichana wa kumsaidia anao, ila bugali hamwachii mtu. "Bugali ni mukono," huwa anasema. "Nikikupatia mwiko, batu batakula mukono yako, si yangu." Miaka yote nimekula pale kila Jumamosi nikienda kuuza vitenge, na sikuwahi kukuta donge.

Basi Zakiah akachumbiwa na Kamaldin, kijana wa huku kwetu Kakiika, Mbarara, mpole, msikiti haumpiti. Jumamosi ile nilikwenda Misiera mbio mbio kumpa Goretti habari. Tukakumbatiana, tukashikana mikono, tukapiga vigelegele palepale jikoni, wateja wakatupigia makofi. Nikamwambia siku ya nikaha mama aliyemnyonyesha atakaa kulia kwa bibi harusi, na mimi niliyemzaa nitakaa kushoto. Akasema atashona nguo mpya, na kitenge atachagua mwenyewe, mimi nisimchagulie kwa sababu napenda maua makubwa. Nikarudi Mbarara roho kwatu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta anapakua. Nikanyoosha mkono, yeye akakunja kiganja akanipa kifundo. Hiyo ni kawaida ya watu wote wa huku. Mwenye mikono ya udongo au ya samaki hakupi kiganja. Anakupa kifundo cha mkono, unakishika, salamu imetimia. Nami nikakishika, nikakibana, nikakitikisa kwa furaha kama nilivyozoea. Akaruka! Nikauliza kulikoni, akasema, "Hapana kitu. Mikono iko muchafu tu."

Jumamosi nyingine, kifundo. Nyingine tena, kifundo, na mara hii nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akinawa kwa sabuni na kujifuta kwa taulo. Mikono inang'aa! Na kwenye kifundo chenyewe imefungwa kamba nyeusi, imekazwa hadi imezama kwenye nyama.

"Mama Bienfait, hiyo kamba ya nini?"

"Ya dawa."

"Dawa ya nini?"

Akageukia sufuria kana kwamba hakunisikia. Mara mwiko ukamtoka mkononi, ukatumbukia, maji ya moto yakamrukia mguuni. Nikainuka kuuokota. Msichana wake akaniwahi, akaniambia kwa adabu zote, "Acha tu, mama, usiguse." Nisiguse nini, ilhali sufuria hizo nimeziosha kabla yeye hajazaliwa?

Nikajikaza. Nikasema pengine joto la jikoni limewachanganya. Nikaenda duka la jirani, nikanunua Fanta mbili kama kawaida yetu, nikazifungua hukohuko dukani, nikamletea ya kwake. Hakuipokea. Akaitazama chupa, akanitazama mimi.

"Kalete ingine," akasema. "Fungulia hapa mbele yangu."

Ukikaa na watu wa Kivu unajua maana ya maneno hayo. Kwao kuna kitu wanakiita karuho, sumu ya kumaliza mtu polepole. Wanasema huwekwa kwenye kinywaji, kwenye chakula, wengine wanasema hata kwenye salamu, imefichwa chini ya ukucha. Mtu akikonda, karuho. Akikohoa miezi, karuho. Kwa hiyo mgeni hufunguliwa chupa mbele ya macho yake, na hakuna anayenuna. Lakini mimi si mgeni, jamani! Mimi na yeye tumelala chini ya turubai moja mvua ikitunyea.

"Mimi?" nikamuuliza. "Mama Bienfait, mimi?"

Hapo ndipo aliponieleza, sauti chini, macho kwenye moto. Kesho yake ya vile vigelegele vyetu, vidole vilianza kufa ganzi. Gumba, cha shahada na cha kati vinawasha, vinachomachoma, sindano tupu. Akilala vinamwamsha, anaukung'uta mkono hewani mpaka utulie. Mchana anashika kikombe, kinamponyoka. Akaenda kwa mganga mmoja huko vijiji vya ndani, anayetapisha watu waliolishwa sumu. Akamtapisha, ikatoka chai ya asubuhi basi. Mganga akasema ahaa, kumbe hii haikuingilia mdomoni, imeingilia kiganjani. Mtafute mtu aliyetoka safari akakupa mkono. Kisha akamfunga kamba, akaikaza barabara, eti sumu isipande ikafika moyoni.

"Ile siku ulitoka Mbarara," akasema Goretti, "ni wewe ulinikamata mukono. Miye sisemi ni wewe. Banasema."

"Wanasema kina nani? Huyo mganga wako anayewatapisha watu chai?"

Sitakuficha, mdomo ulifunguka. Nilisema yangu yote, mbele ya wateja, na wengine waliacha bugali ukapoa. Kisha nikachukua ile Fanta yake, nikainywa yote pale mlangoni, akiona, mpaka gesi ikanipanda puani nikakohoa. Halafu nikainywa na ya kwangu. Nikabeba vitenge vyangu nikaondoka, na tumbo limejaa Fanta na hasira.

Nyumbani nikatangaza kwamba mimi Misiera sikanyagi tena. Zakiah alikuwa anachambua mchele, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atasema pole mama. Akaniuliza, "Mkono wake unamuuma sana?"

Nikaanza kukunja vitenge vyangu upya.

"Mama," akasema, "mkosane, mpatane, hayo ni yenu wakubwa. Mimi sisomewi nikaha bila yeye. Umesema atakaa kulia. Mimi namtaka kulia."

Mtoto huyu ana mdomo, sijui kautoa wapi. Nilikwenda kujilaza lakini wapi. Kila nikifumba macho naona ile mikono iliyonyooshwa, "leta huyu mutoto". Hakuuliza huyu wa nani. Hakuuliza mama yake anaumwa nini, kama ni ugonjwa wa kuambukiza, kama kuna ubaya unamfuata. Alimweka tu kifuani karibu na wa kwake. Na mimi leo kwa neno moja la mganga nimwache na mkono unaokufa? Haki ya Mungu nilimshukuru upya, peke yangu, kwa machozi, halafu hasira ikarudi, halafu shukrani tena. Mpaka Jumamosi ilipofika, shukrani ilikuwa juu.

Nikamkuta ameketi kwenye benchi, mkono upo mapajani. Msichana ndiye anasonga. Meza nusu hazina watu. Nikaketi, nikaagiza bugali, nikautia mdomoni, nikakuta donge. Donge, kwa Mama Bienfait! Nilimeza nikamtazama, naye akainamisha kichwa kwa sababu alijua nimemeza nini. Pale niliogopa kweli. Niliona mgahawa unaondoka, na yeye mwenyewe anaondoka nao.

Sikunyoosha mkono. Nikasema, "Shikamoo ya mbali, Mama Bienfait."

Akatabasamu kwa shida. Kisha akasogea kwenye benchi, akanong'ona, "Mama Zakiah, kuko kitu iko nanisumbua. Siku ya Mungu, kisha misa, mupadri alinisalimia. Miye nikamupatia kifundo. Akakamata. Ile sumu ikaruka mu bidole, ileile!"

"Padri?"

"Mupadri. Na mama mukubwa wa kwaya. Na mutu wa kuuzisha maji. Na mwalimu. Kila mutu akinikamata hapa, inaruka. Bote!"

"Kwa hiyo padri naye amekupa karuho."

"Ndiyo hii nasema iko nanisumbua," akasema, na uso wake ulikuwa na mashaka ya kweli. "Mupadri anaweza?"

Nilijizuia, nikashindwa. Nilicheka mpaka nikaegemea meza. Akaninunia, akajaribu kukaza uso, mwisho na yeye akapasuka. Tulicheka kama zamani, machozi, msichana wa bugali akabaki anatushangaa. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Ama Nakivale nzima pamoja na kanisa imekula njama dhidi yako, ama mganga wako ni mwongo. Twende Mbarara kwa daktari. Akisema ni sumu, sitakusogelea tena, na Zakiah nitamweleza mimi mwenyewe. Akisema si sumu, utakuja harusini, utakaa kulia, na utakula kwangu."

"Kwako atapika nani?"

"Mimi!"

Akafikiri. Akautazama mkono, akautazama mwiko. "Twende."

Daktari aliyetupokea anaitwa Kampire, mama wa makamo, Mnyankole, Kiswahili chake ni kile cha Uganda cha kuungaunga, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Nimewahi kuona madaktari wanaoandika kabla hujafungua mdomo. Huyu alimsikiliza Goretti mpaka kwenye sumu, na hakucheka.

Akaanza kuuliza. Ilianza ghafla? Mdomo ulipinda? Mguu ulilegea, maneno yakakataa kutoka? Hapana. "Sawa, hiyo ingekuwa kiharusi, mbaya," akasema. "Mtu akipata hiyo, hapana ngoja, nakimbia hospitali saa hiyohiyo." Akamchoma kidole kupima sukari, kwa sababu sukari nayo hula mishipa ya fahamu, ila hiyo huanzia miguuni mara nyingi. Sukari ilikuwa nzuri. Ulishakunywa vidonge vya kifua kikuu, maana navyo huweza kuleta ganzi? Hapana. Pombe? "Miye ni wa kwaya!" akasema Goretti, na sauti yake iliniambia bado hajafa. Akampapasa koo kutafuta uvimbe wa tezi. Akamuuliza kama ni mjamzito, maana ujauzito huvimbisha mikono, na hapo tulicheka sote watatu. Akamgeuza shingo huku na huku, kuona kama maumivu yanatokea shingoni kushuka mkononi. Hakuna. Akamgongagonga kwenye kiwiko.

"Kidole ya mwisho, hii ndogo, nawasha?"

"Hapana. Hicho kiko muzima."

"Kama ingekuwa kiwiko, hicho ndiyo kingewasha," akasema Kampire. Akaushika mkono, akaiona kamba. "Na hii?"

"Dawa."

Kampire akachukua mkasi. Goretti akaunyakua mkono wake, akaubana kifuani.

Nilimwona amebadilika rangi. Ni rahisi kucheka ukiwa umeketi Misiera, lakini mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba sumu hupanda mpaka moyoni, kamba hiyo ndiyo uhai wake. Akageuka akanitazama, mimi, mtuhumiwa mwenyewe. "Mama Zakiah. Ikipanda?"

"Ikipanda nipo hapa. Siondoki."

Nikanyoosha mkono. Sikujua atafanya nini. Akanipa wake wa kushoto, kwa kuwa wa kulia aliuacha mezani kwa daktari, na alinipa kiganja. Si kifundo, kiganja kizima, kimelowa jasho. Nikakishika. Kampire akakata kamba, ikabaki alama nyekundu imezunguka mkono. Tukasubiri, Goretti amefumba macho, midomo inasali. Moyo haukusimama.

Kisha Kampire akaweka gumba zake mbili palepale kwenye alama, upande wa kiganja, akabonyeza, akatulia. Goretti akafumbua macho.

"Iko napita! Iko napita mu bidole! Ndiyo hiyo sumu!"

"Hapo ndipo aliposhika padri?" nikauliza.

"Hapohapo!"

"Padri gani?" akauliza Kampire. Nikamweleza habari ya salamu za kifundo, ya padri, ya mama wa kwaya na mtu wa maji. Akaweka kalamu chini, akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta macho. Halafu akatuonyesha kwenye mkono wake mwenyewe. Hapa kwenye kifundo, akasema, kuna njia nyembamba. Chini mifupa, juu utepe mgumu, na katikati zinapita kano za vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio unaohudumia gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kano zikivimba, njia inakuwa finyu, mshipa unabanwa, vidole vinakufa ganzi. Kila aliyemshika Goretti kifundo alikuwa anaubonyeza mshipa huo bila kujua. Na kadiri Goretti alivyouficha mkono na kutoa kifundo, ndivyo washukiwa walivyoongezeka. Na kamba ndiyo iliyokuwa inaubana mchana na usiku.

"Mama, wewe nafanya kazi gani?"

Goretti alikuwa bado anakitazama kifundo chake. Nikasimama mimi. Nikabana sufuria ya hewa kwa miguu, nikashika mwiko wa hewa, nikasonga palepale ofisini, kifundo kinakunjwa, kinakunjuliwa, nikahamia kwenye kinu cha sombe. Kampire akanitazama akitikisa kichwa.

"Basi sumu yako ni hiyo," akamwambia Goretti. "Sumu yako ni bugali."

"Bugali yangu?" Goretti akakasirika kabisa. Ungedhani ametukaniwa mtoto.

Kampire alimpa kibao cha kukishikilia kifundo kisikunjwe, hasa akilala, na akamkataza mwiko. Akambonyeza nyama iliyo chini ya gumba, akasema imeanza kupungua, na kwamba tusingekuja, ingeisha na nguvu isingerudi. Alituambia kama kibao hakitasaidia, kuna upasuaji mdogo wa kuufungua ule utepe. Nilimshukuru huyo mama mpaka akanifukuza, wengine walikuwa wanangoja.

Tulipotoka nikamwambia Goretti twende Kakiika, ni karibu, akanywe chai. Akasimama barabarani. "Leo hapana, Mama Zakiah. Niko na haya."

Nikamwacha. Lakini rafiki yangu, njia nzima nilijiuliza. Je, ni haya kweli? Au kuna chembe ya ile karuho imebaki kichwani? Kampire alikata kamba ya mkononi. Maneno ya kuambiwa tangu utoto hayakatwi kwa mkasi, na mimi mwenyewe kuna mambo ya Buyenzi siwezi kuyaacha mpaka leo. Sikumlaumu. Ila nilitaka kujua.

Kibao kilisaidia kidogo, si sana, kamba ilikuwa imeshaharibu. Akafanyiwa ule upasuaji hospitalini Mbarara, na wiki ile ile ndipo nikaha ya Zakiah ilipoangukia. Kwa hiyo alikuja Kakiika mkono wa kulia umefungwa bandeji nyeupe mpaka vidoleni, umening'inizwa shingoni kwa kitenge. Nguo yake, nakuapia, ilikuwa na maua makubwa. Aliketi kulia kwa Zakiah kama nilivyoahidi. Wanawake wa Mbarara wakauliza huyu ni nani, nikawajibu mmoja mmoja, kwa sauti, "Ni mama yake." Aliyetaka maelezo nilimpa, asiyetaka nilimpa pia.

Leo hii vidole vimeamka vyote, alhamdulillahi. Anasonga sufuria moja ya kwanza, zilizobaki wanasonga wasichana, na madonge yamekwisha kwa sababu anasimama nyuma yao na kuwakemea. Lakini siku ile hakuweza kushika hata kijiko.

Nikatoa sinia za pilau. Nilikuwa jikoni tangu alfajiri, sikutaka mpishi wa kukodi, sufuria zile zilikuwa zangu na jasho lilikuwa langu. Sinia ikawekwa mbele ya bibi harusi. Wageni wakaanza kula. Goretti akaitazama sinia, mkono mmoja bandeji, wa kushoto kwetu si wa kulia chakula na yeye analijua hilo. Nikasimama mlangoni na upawa mkononi, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Zakiah akanawa. Mikono yake ilikuwa na hina mpaka kwenye kifundo. Akachota wali, akatafuta kipande cha nyama laini, akafanya tonge dogo kwa vidole vitatu, akampelekea Goretti mdomoni. Mtoto aliyenyonya kwake, sasa anamlisha yeye.

Goretti akasita. Akainua macho, akatafuta, akaniona mlangoni na upawa wangu. Alijua ni sufuria ya nani. Tukatazamana. Akafungua mdomo, akala, akatafuna taratibu mbele yangu, akameza. Akafungua mdomo tena, Zakiah akamlisha tena.

Kisha akaniita, watu wote wakisikia.

"Mama Zakiah! Chumvi haitoshi."

Nikaenda jikoni kuleta chumvi. Sikurudi haraka, kwa sababu nilikuwa nalia.